Bonyeza Endelea

Tangazo lilifika Jumatatu saa tatu asubuhi kwa barua pepe, limeandikwa na watu wasiojua kupamba maneno. Lilisema kwamba programu ya seva ya majina, matoleo yote ya kuanzia mwaka juzi, ina udhaifu unaomwezesha mtu wa nje kupenyeza majibu ya uongo. Lilisema kiraka cha kuuziba kipo tayari. Mwishoni, kwa mstari mmoja mfupi, lilisema kwamba kiraka kikishawekwa ni lazima programu izimwe na kuwashwa upya.

Injinia aliusoma mstari huo wa mwisho mara mbili. Hakuwa injinia wa vyeti. Jina hilo alipewa na mama yake akiwa na miaka tisa, siku alipoifungua redio ya nyumbani vipande vipande na kushindwa kuirudisha, likamng'ang'ania mpaka likamfuata kazini. Katika kampuni ile ndogo ya intaneti, iliyopanga ghorofa moja yenye feni moja inayofanya kazi, yeye ndiye aliyetunza seva mbili za majina. Kazi ya mashine hizo ukimweleza mtu wa kawaida atapiga miayo: unaandika jina la tovuti, mashine inaiambia simu yako tovuti hiyo inakaa wapi, simu inakwenda huko. Basi. Lakini mashine ikidanganywa, utaandika jina sahihi, herufi kwa herufi, na bado utafikishwa kwa mwizi, na mwizi atakuwa ameupaka mlango wake rangi ufanane na wa benki.

Akaenda kwa Meneja. Ukutani mwa ofisi ya Meneja palikuwa na fremu yenye methali iliyoandikwa kwa herufi za dhahabu: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Meneja alikuwa ameketi chini yake.

Meneja hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalokera katika habari hii. Alimsikiliza Injinia mpaka mwisho, akamimina chai, akamsogezea kikombe. Kisha akamkumbusha kwamba hiyo ilikuwa wiki ya gawio. Chama cha akiba na mikopo, mteja wao mkubwa kuliko wote, kilikuwa kinawalipa wanachama wake gawio la mwaka, na mkataba ulisema wazi kwamba wiki hiyo huduma ikikatika hata dakika moja kampuni inatozwa faini. Injinia alieleza kwamba kuzima na kuwasha ni sekunde arobaini tu. Meneja akauliza kinachofuata baada ya hizo sekunde arobaini. Injinia, ambaye kwenye mambo ya mashine hajui kudanganya, akakiri kwamba seva itakuwa imesahau kila ilichokijua, na kwa robo saa hivi mambo yatakwenda kwa kusuasua.

“Robo saa,” alisema Meneja. “Wiki ya gawio.”

“Bosi, tundu liko wazi. Na wezi wamelisoma tangazo hilohilo nililolisoma mimi.”

“Weka kiraka leo. Kuwasha upya ni Jumamosi jioni.”

“Kiraka bila kuwasha upya hakisaidii kitu. Programu ya zamani inaendelea kufanya kazi kwenye kumbukumbu ya mashine.”

“Lakini kitakuwa kimewekwa?”

“Kitakuwa kimewekwa.”

“Basi weka.”

Akaweka. Jumatano ikaja fomu ya mamlaka ya mawasiliano, inayotakiwa kurudishwa siku hiyohiyo, na fomu ilikuwa na swali moja la maana: Kiraka kimewekwa? Ndiyo. Hapana. Aliyeitunga bila shaka hakuwahi kugusa seva maishani mwake. Injinia alimwomba Meneja ruhusa ya kuongeza maelezo pembeni, Meneja akamjibu kwamba fomu haina pembeni. Basi akatia tiki kwenye Ndiyo, akaandika jina lake, akaweka sahihi. Haukuwa uongo. Ulikuwa ukweli wa ile aina inayomfanya mtu ajikune shingo.

Wapo mafundi ambao wangeidamkia seva alfajiri, wakaizima na kuiwasha bila kumwuliza mtu, na leo tusingekuwa na la kusimulia. Injinia alilifikiria jambo hilo akiwa kwenye foleni ya choo cha ofisi. Alikuwa na kodi ya nyumba, mabinti wawili shuleni, mke na mama. Akaamua kungoja Jumamosi.


Nyumbani walikuwa na vyumba viwili na sebule. Chumba kimoja cha Injinia na mkewe, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi na hata ndani ya nyumba aliitwa Mwalimu. Kingine cha mabinti. Na sebuleni alilala mama yake Injinia, pamoja na cherehani yake. Kila asubuhi Mama alikunja godoro kabla wenzake hawajaamka, akalisimamisha nyuma ya kabati, akatandaza kitambaa kwenye kochi, ili mgeni akiingia aone sebule. Jioni wanafunzi wa masomo ya ziada walipokuja, Mama alihamia kwenye ujia na shati la mtu mkononi, akashona kwa sindano ya mkono mpaka hesabu za sehemu zilipokwisha.

Hawakugombana, yeye na mkwewe. Laiti wangegombana. Waliheshimiana mno, wakapishana humo ndani wakiombana radhi kutwa nzima, na mtu akitaka kujua jinsi heshima inavyochosha angekuja kukaa nao wiki moja.

Sasa Mama alikuwa amepata chumba. Kilitazama barabara, kilikuwa na mlango wake mwenyewe na dirisha pana la kuwekea cherehani. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kabla ya saa sita mchana Ijumaa, kwa sababu kuna kinyozi naye alikuwa anakitaka. Fedha zilikuwepo. Zilikuwa kwenye kile chama cha akiba na mikopo, laki tisa na nusu, matunda ya miaka sita ya kushona sare za shule na kupunguza suruali za watu waliokonda.

Jumatano hiyo wakati wa chakula Injinia alisimulia habari za kiraka. Mama alicheka sana kusikia kwamba na wao huko kwenye makompyuta wanatia viraka, tena wanavitia na kuviacha bila kuvaa. Mwalimu alisema anamwelewa: hata yeye husahihisha daftari la mtoto kwa kalamu nyekundu, na kesho yake mtoto anajibu lilelile la zamani kwa sababu ndilo lililomo kichwani. Injinia akasema ndiyo, ni hivyo hasa.

Hapo ndipo angemwambia mama yake angoje mpaka Jumapili. Neno lilimfika ulimini. Lakini Jumapili kinyozi angekuwa ameshatundika vioo vyake, na Injinia alikitaka kile chumba kuliko hata mama yake alivyokitaka. Alitaka sebule, alitaka kuacha kuona haya kila anapopita usiku kwenda kunywa maji. Tena akajiambia, nani atahangaika na kampuni ndogo kama yetu? Akaongeza mboga.


Ijumaa saa tatu na nusu asubuhi walikaa kikao. Chama kilikuwa kimetuma wajumbe wawili, maana nao walisikia fununu za udhaifu huo na walitaka kuhakikishiwa. Meneja alikuwa amevaa koti. Injinia ndiye aliyepewa kazi ya kueleza, na alikuwa amefika pale pa kusema kwamba kiraka kiliwekwa tangu Jumatatu, simu yake ilipoanza kutetemeka mfukoni. Ilitetemeka, ikaacha, ikaanza tena. Mara ya tatu akaomba radhi, akageukia ukutani.

“Injinia, simu imeleta ukurasa mwekundu,” alisema mama yake. “Inasema tovuti si salama.”

Chama kile kilikuwa na tabia ya kusahau kuhuisha cheti cha usalama cha tovuti yake. Mwaka huo pekee kilikuwa kimesahau mara mbili, na mara zote mbili ukurasa mwekundu ulimtokea Mama, na mara zote mbili mwanawe alimwelekeza namna ya kuupita. Mazoea yana tabu.

“Jina pale juu limeandikwa sawasawa?”

Mama alilisoma herufi moja moja, kwa sauti ya mtu anayehesabu vifungo. Lilikuwa sawasawa.

“Bonyeza Endelea, Mama. Niko kikaoni.”

“Kuna pengine pameandikwa Rudi. Ndipo pakubwa zaidi.”

“Usirudi. Bonyeza Endelea.”

Akakata simu, akarudi mezani, akamalizia sentensi yake. Wajumbe waliridhika. Mmoja wao alimpa mkono na kusema kwamba vijana wenye uhakika kama yeye ni wachache.

Saa saba mchana simu za ofisi zilianza kulia na hazikuacha. Watu walisema wameingia kwenye tovuti ya chama, wakaandika namba zao za siri, wakaambiwa asante subiri kidogo, na salio likawa sifuri. Injinia hakumwuliza mtu. Aliizima seva na kuiwasha, sekunde arobaini kama alivyosema, kisha akafungua daftari la matukio la mashine na kutafuta. Jibu la kwanza la uongo liliingia saa tatu na dakika nane asubuhi. Tangu dakika hiyo, kila aliyetumia intaneti ya kampuni yao akaliita jina la chama, alipelekwa kwingine.

Intaneti ya nyumbani kwake ilitoka kwenye kampuni yao. Alipewa bure, ndiyo marupurupu pekee aliyokuwa nayo. Alitoa simu akaangalia saa ambayo mama yake alipiga: tatu na dakika arobaini na moja. Akaketi sakafuni kati ya zile seva mbili, na kwa muda hakuweza kufikiri lolote zaidi ya ile sauti ikisoma herufi.

Alimkuta Mama amekwisha rudi nyumbani, ameketi kwenye kochi, futi ya kupimia bado iko shingoni. Alikuwa kule kwenye chumba tangu saa nne, akipima dirisha kwa ajili ya pazia. Mwenye nyumba alingoja kwa adabu mpaka saa sita, akamwonyesha simu yake kwamba hakuna kilichoingia, akangoja tena mpaka saa nane, kisha akampokea kinyozi. Kinyozi alikuja na fedha taslimu. Alimwomba Mama amsaidie kushika ncha ya kamba wakati anapima mahali pa viti, na Mama akashika.

“Ni mimi, Mama,” alisema Injinia. “Kosa ni langu.”

“Najua ni wewe. Sauti yako nisiijue?”

Injinia alitamani amtukane, amkumbushe redio, amrushie kitu. Mama alivua futi, akaikunja, akauliza kama amekula.


Jumatatu chama kilitoa utaratibu. Aliyeibiwa afike kaunta kabla ya Ijumaa jioni, ajaze fomu, na swali lililowakalia watu kooni lilikuwa la sita: Je, uliona onyo kabla ya kuingia? Kama uliliona, nani alikushauri uendelee? Baadhi ya simu za zamani hazikuonyesha onyo lolote, na wenye simu hizo wangelipwa. Walioliona onyo na kulipuuza kwa hiari yao, hasara ni yao. Lakini aliyeshauriwa na mfanyakazi, wa chama au wa kampuni ya intaneti, angelipwa na mwajiri wa mfanyakazi huyo, fedha zake zote. Na mfanyakazi angeshughulikiwa kwa mujibu wa sheria.

Siku hiyohiyo Meneja aliwapanga watu wake mbele ya meza, mmoja mmoja, watie sahihi kwenye karatasi inayosema kwamba hawajawahi kumshauri mteja yeyote kupuuza onyo la usalama. Injinia alikuwa wa tatu. Kalamu ilikuwa ya moto kutoka kwenye mkono wa mwenzake. Alitia sahihi haraka, na Meneja akamwambia kwa sauti ya chini kwamba wakivuka hili salama hatamsahau.

Jioni walikaa watatu. Mabinti walipelekwa kucheza nje. Injinia alileta nakala ya fomu akaieleza, swali baada ya swali, na alipofika la sita alilieleza vizuri kuliko mengine yote. Alieleza kitakachotokea mtu akijibu hivi na kitakachotokea akijibu vile. Alieleza mpaka habari za polisi, ambao walikuwa wameshawahoji vijana wawili wa huduma kwa wateja na mmoja hajarudi kazini. Hakumwomba mama yake kitu. Alilieleza tu jambo, kila upande kwa haki yake, kama mtu anayesoma mkataba wa jirani.

“Mama, mimi sisemi kitu,” alisema Mwalimu, kisha akasema. Alisema mshahara wake yeye unalipa kodi au unalipa ada, hauwezi vyote. Alisema muhula unaanza wiki ijayo. Alipomaliza alianza kulia, akaondoka na kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa, kwa sababu hata yeye alikuwa anakililia kile chumba, na aliona haya kukililia mbele ya mwenye chumba.

Mama alimtazama mwanawe.

“Unataka nikaseme nini?”

“Sema ilivyokuwa, Mama.”

“Wewe ndiwe unaniambia niseme ilivyokuwa?”

“Ndiyo. Useme ukweli.”

Na hapa msimulizi anaomba kusema wazi: Injinia alipotamka maneno hayo alijua mama yake hatayafanya. Alijua kama anavyojua jina lake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mwana mjanja huujua uchungu huo na kuutumia. Angekuwa mtu wa kweli angetia mguu njiani usiku uleule akaenda kujisema mwenyewe. Alikwenda kulala.


Jumanne walipanga foleni pamoja, kwa sababu Injinia alisema hawezi kumwacha mama yake aende peke yake, na lilikuwa jambo zuri la kusema. Foleni ilizunguka jengo. Watu walikuwa wamekuja na bahasha, na vitabu vya akiba vya tangu enzi za kuandikiwa kwa mkono, na mzee mmoja alikuwa amekuja na simu yenyewe ndani ya mfuko wa plastiki, kama mtu aliyeleta mkojo kupimwa. Mbele yao mwanamke alitoka kaunta akijipangusa kwa mtandio, akaiambia foleni nzima kwamba aliulizwa na akajibu kweli, kwamba hakushauriwa na mtu, na kweli imemlipa hivyo.

Karani alikuwa binti mpole, macho mekundu kwa uchovu. Alimwamkia Mama shikamoo, akamwita bibi, akamsomea maswali taratibu na kuandika majibu yeye mwenyewe. Alipofika la sita alisimamisha kalamu.

“Onyo uliliona, bibi?”

“Niliona. Lilikuwa jekundu.”

“Nani alikushauri uendelee?”

Injinia aliutazama mkono wa karani. Kulikuwa na pete ndogo na doa la wino. Alikuwa na nafasi ya kutosha kabisa ya kusema neno. Yalikuwa maneno matatu tu, mimi ndiye niliyemwambia, na alikuwa ameyafanyia mazoezi njia nzima.

“Hakuna,” alisema Mama. “Kiherehere changu.”

Karani alipumua. Alisema amesikitika, alisema hilo jibu linamfunga mikono, akauliza kama bibi ana hakika, kama hakumpigia mtu hata mmoja simu, fundi, mtoto, jirani. Mama akasema hakumpigia mtu. Karani akamgeukia Injinia, na hakuwa na ubaya wowote moyoni.

“Kaka, wewe ni mwanawe? Hawa wazee tuwafundishe haya mambo. Tukiwaacha wanaumia.”

“Tumemfundisha,” alisema Injinia. “Tumemwambia mara nyingi. Hasikii.”

Hakuna aliyemlazimisha. Yalimtoka mwenyewe, laini, yamepigwa pasi. Mama aligeuza kichwa akamtazama, si kwa muda mrefu, kisha akamtazama karani na kutabasamu.

“Kweli kabisa,” alisema. “Ananiambia kila siku. Kichwa changu kigumu.”

Akatia sahihi mahali alipoonyeshwa. Karani akagonga mhuri, akawapa nakala, akawatakia siku njema.

Walitembea mpaka nyumbani. Mlangoni, Injinia akitafuta ufunguo, mama yake alisema bila kumwangalia, “Lile la mwisho halikuwa na haja.” Injinia alisema ndiyo, Mama. Akafungua mlango, akampisha atangulie.


Mamlaka ya mawasiliano ilimtuma mkaguzi, mtu mfupi mwenye kompyuta nzito, akakaa na zile seva siku mbili bila kuomba hata maji. Ripoti yake ilikuwa kurasa nane, ila Meneja aliisoma moja. Seva, ilisema ripoti, inaonyesha programu ilikuwa ikiendelea bila kuzimwa kwa miezi kumi na minne mpaka Ijumaa ya tukio saa saba mchana. Fomu, ilisema ripoti, inaonyesha kiraka kimewekwa. Aliyetia sahihi fomu ni fulani.

Injinia aliitwa Ijumaa saa tano asubuhi, siku kumi baada ya ile foleni. Alikumbusha mazungumzo ya Jumatatu ile, chai, robo saa, wiki ya gawio. Meneja aliinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza habari za msiba wa mbali. Akauliza kama kuna mahali agizo hilo limeandikwa. Halikuandikwa. Akasema yeye anakumbuka kuagiza kiraka kiwekwe, na mtu yeyote anajua kwamba kuweka ni kuweka kikamilifu. Hakumwangalia usoni. Barua ilikuwa tayari imechapwa, na ilisema pia kwamba akiondoka kimya kampuni haitamfungulia kesi. Mlinzi alimsindikiza mpaka dawati lake, akamshikia boksi huku akimwomba radhi.

Alifika nyumbani saa saba na nusu. Mwalimu na mabinti walikuwa shuleni. Mama alikuwa kwenye cherehani, anaunga mkono wa gauni. Injinia aliweka boksi mezani akamwambia yote kwa pumzi moja, fomu, mkaguzi, barua. Mama alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

“Ile kaunta,” alisema, “bado wanapokea?”

“Walifunga Ijumaa iliyopita.”

“Nikienda nikisema nilikosea?”

“Ulishatia sahihi, Mama. Na mimi nimetia yangu.”

Vidole vya Mama vilikuwa vinagusana kimoja kimoja na kidole gumba, kama anavyofanya akihesabu mita za kitambaa.

“Kwa hiyo chumba changu kimekununulia siku kumi za kazi,” alisema. Kisha akajisahihisha, maana mshonaji hazidishi kipimo. “Nane. Ukitoa Jumamosi na Jumapili.”

Hakukuwa na hasira katika sauti yake, na Injinia angetoa chochote ili iwepo. Alitaka kupiga magoti. Alitaka kusema habari ya yale maneno ya kaunta, kwamba yanamwamsha, kwamba hajui yalitoka wapi. Kabla hajapata pa kuanzia mlango uligongwa, na mama yake akamwambia aondoe boksi, kuna mtu amekuja kupimwa.

Akalibeba. Hapakuwa na pa kwenda nalo, maana mteja alikuwa mwanamke na atavua blauzi, na kati ya vyumba na sebule hakuna milango, ni mapazia tu. Akatoka nje, akasimama kibarazani jua likimpiga utosini, boksi kifuani, mlango umefungwa nyuma yake. Sauti zilisikika vizuri kupitia dirishani. Mteja aliulizia shingo ya gauni, akaulizia siku ya kulichukua, halafu akauliza habari ya kile chumba cha barabarani: si walisikia kwamba Mama anahama, amepata chumba kizuri, wakamwombea heri?

“Niliacha,” alisema Mama. “Nilikwenda kukiona mara ya pili, sikukipenda. Inua mkono.”

“Kweli? Walisema ulikipenda sana.”

“Kina vumbi. Na hapa mwanangu hataki niondoke. Inua huo mwingine.”

Kibarazani, mwanawe alihamishia boksi kwenye mkono wa kushoto, akangoja wamalize.